Neno Lilibaki, Jina Langu Likaenda

Siku hizi mume wangu hunisalimia kama mgeni. Asubuhi namfungulia dirisha, namwinua kitandani, namfuta uso kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, naye ananitazama kwa adabu nyingi mno, kisha ananiambia, "Ni muvea, mwaitu." Asante, mama. Mwaitu ni neno la heshima kwetu Ukambani. Unamwita hivyo mwanamke usiyemjua, uliyepita kwake ukamwomba maji ya kunywa. Mimi ni mke wake. Nimemzalia watoto wanne, mmoja tukamzika pamoja, na sasa ananishukuru kama mwenye nyumba aliyempa maji ya kunywa.

Sitaki kuanza kwa kulia. Mimi si mtu wa kulia. Waulize watu wa hapa Kathonzweni, watakwambia yule mama ana mdomo. Ninayaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu wajukuu wangu wako Nairobi na Kikamba chao ni cha kuombea chai tu. Wakipiga simu wananiita susu, yaani bibi, wananiuliza, "Susu, babu anaendeleaje?" Nami nasema anaendelea vizuri, kwa sababu mtoto umwambie nini? Basi wakikua watasoma hapa.

Kusahau kulianza na vitu vidogo. Alienda sokoni akarudi na chumvi, kesho yake chumvi, keshokutwa chumvi tena, nikamtania kwamba anataka kufungua duka. Haki, nilicheka. Baadaye akapotea njia ya shambani, shamba alilolilima tangu ujana wake. Kisha watoto wakamtoka kichwani, mmoja mmoja, kuanzia kitindamimba. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilikuwa uani napepeta ndengu, akaja akasimama mbele yangu, akauliza kwa upole mama wa nyumba hii amekwenda wapi. Nikamwambia, "Niko hapa." Akatazama nyuma yangu, akimtafuta.

Utaona ajabu, kitu kimoja hakikumtoka, nacho ni Maandiko. Huyu alikuwa mwalimu wa darasa la ubatizo kanisani kwetu tangu akiwa kijana, na Biblia yake ya Kikamba aliisoma mpaka jalada likawa la gundi na kitambaa. Leo hajui tofauti ya chai na supu, lakini akifumbua mdomo inatoka zaburi nzima, haikosi neno. Zinatoka barua za mitume. Zinatoka zile orodha za fulani alimzaa fulani, ambazo wachungaji wenyewe huziruka, naye haruki hata baba mmoja. Sauti yake ni ileile ya zamani, ya kusomea watu. Ukiwa jikoni ukamsikia, utafikiri amepona. Mimi nimekimbia kutoka jikoni mara nyingi, mikono ina unga, nikafika nikakuta macho yale ya mgeni.

Nilitaka kitu kimoja tu, na nakitaja mapema usije ukadhani nataka makubwa. Nilitaka kabla hajaenda aniangalie mara moja ajue kuna mtu hapa. Hata asinitaje jina. Jina alilokuwa akiniita tukiwa wawili sitaliandika, ni letu. Ajue tu kwamba hii mikono inayomfuta uso ina mwenyewe.

Daktari wa hospitali ya mjini Wote alinieleza kwamba mambo yaliyokaririwa tangu ujanani, tena kila siku, hukaa mahali pengine kichwani na huchelewa kuharibika. Alinieleza vizuri, hata akanichorea. Nikamshukuru. Nikamuuliza, "Na mke aliyeonekana kila siku je?" Akaniandikia dawa za usingizi.

Pasta wetu alikuwa na maelezo yake. Ni kijana, angeweza kuwa mwanangu wa mwisho, na sisemi neno baya juu yake, maana anazunguka na pikipiki yake kwa wagonjwa jua likiwaka na anakula chochote anachopewa. Siku moja alikuja na darasa lake la ubatizo, vijana kwa watu wazima, wakakaa kwenye viti vya plastiki uani. Mzee akaanzisha nabii mmoja, akaenda naye mpaka mwisho wa sura.

"Mnaona?" pasta akawaambia. "Mliniuliza Jumapili kwa nini sisi Wakristo tunaamini Maandiko yamevuviwa na Mungu, si maneno ya watu tu. Basi mtazameni mzee. Kila kitu cha binadamu kimemtoka. Cha Mungu kimebaki."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai. Kila kitu cha binadamu kimemtoka! Mimi ndimi hicho kitu cha binadamu. Nikaiweka sinia chini kabla sijaiangusha, nikawamiminia chai, nikawapa maandazi, nikatabasamu kama mama wa kanisa anavyotakiwa. Walipokuwa wakiondoka nikamshika pasta mkono.

"Pasta, nina swali."

"Uliza tu, mama."

"Kama Mungu ana nguvu za kushikilia zaburi zote hizo ndani ya kichwa cha huyu mzee, mbona hakushikilia na jina langu? Ni jina fupi. Halingemzuia."

Pasta akasema tutaomba. Nikamwambia, "Ombeni nyinyi. Mimi nimechoka." Hayo niliyasema kwa hasira, na sikuyarudisha.

Lakini swali lile la vijana lilibaki na mimi kwenye ua baada ya pikipiki kuondoka, kwa sababu lilikuwa langu kabla halijawa lao. Mimi ni mtu wa Ikutha, ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Nilivuka nikiwa msichana kuja kukaa na shangazi yangu hapa, na shangazi akanipeleka darasa la ubatizo, nataka sitaki. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba, mikono mikubwa, kazi yake kupima mitaro ya mashamba. Siku ya kwanza akatuambia Maandiko ni pumzi ya Mungu. Nikanyoosha mkono.

"Umejuaje?" nikauliza. "Kuandika si huandika watu?"

Wasichana wakacheka, shangazi yangu akanikazia macho kutoka benchi la akina mama. Yeye hakucheka. Alinijibu kwanza yale aliyofundishwa: kwamba Maandiko yenyewe yanajiita hivyo, kwamba Yesu alikua akiyasoma na akayaegemea kama neno la Baba yake, na sisi tukimwamini yeye tutayakataaje aliyoyakubali, kwamba manabii walisema mambo yakatokea wao wakiwa wamezikwa zamani, kwamba walioandika walikuwa mfalme na mchungaji wa kondoo, mvuvi na daktari na mtoza ushuru, wengine hata hawakukutana kwa sababu mmoja alishakuwa vumbi kabla mwingine hajazaliwa, na bado hadithi yao ni moja.

Halafu akakuna kichwa. "Hayo nimeyapokea kwa walionifundisha," akasema. "Wewe umeuliza mimi nimejuaje. Njooni nje."

Akatupeleka mlimani ambako mwethya walikuwa wakichimba. Mwethya ni watu wa kijiji wanaofanya kazi pamoja, leo shamba lako, kesho langu. Walikuwa wakichimba mitaro ya fanya juu, ile ambayo udongo unatupwa upande wa juu ili maji ya mvua yasikimbie na shamba. Akatusimamisha karibu yao. "Waangalieni," akasema. "Huyu anachimba kwa hasira. Yule anachimba na wimbo. Yule mama ana mimba, anachimba kidogo anapumzika. Mkiangalia jembe kwa jembe, hii ni kazi ya watu, na kila mtu unamtambua kwa mchimbo wake. Sasa twendeni ng'ambo ya bonde."

Tukateremka, tukapanda upande wa pili, jua limetuchoma, shangazi analalamika magoti. Tukageuka. Mtaro ulikuwa umezunguka mlima wote, umelala sawa, haukupanda wala kushuka. Nilikuwa nimeona mitaro maisha yangu yote na sikuwahi kuuona hivyo.

"Kuna aliyetangulia akaweka uzi wa kupimia," akasema mwalimu. "Wachimbaji hawakugeuzwa kuwa uzi. Walibaki wao, na hasira zao na mimba zao. Lakini walifuata uzi. Mvua ikija ndiyo itasema kama uzi ulikuwa sawa. Kwangu mimi mvua imeshanyesha mara nyingi, na udongo wangu uko. Ndivyo nilivyojua."

Nilibatizwa mwaka ule. Nikaolewa naye mwaka uliofuata, na mama yangu kule Ikutha akasema ningekaa kimya darasani ningeolewa karibu na nyumbani.

Katika nyumba yetu alisoma kila jioni baada ya chakula, nami nikishona au nikichambua maharagwe. Sehemu aliyoipenda haikuwa ile ambayo wahubiri wanaipigia kelele. Aliipenda ile barua ya mtume aliyezeeka gerezani, pale mwishoni anapomwomba rafiki yake amletee koti alilolisahau kwa mtu, na aje kabla ya baridi. Akifika hapo aliniangalia juu ya miwani.

"Wewe ungekuwa Mungu, ungeacha koti ndani ya kitabu chako?"

"Ningelifuta," nilimjibu. "Watu wanatafuta mbingu, unawapa koti!"

"Ndiyo maana wewe si Mungu. Mimi hapo kwenye koti ndipo ninapoamini zaidi. Mungu kama alitaka bomba angechukua bomba. Maji yangepita na bomba lisingejua kitu. Yeye alichukua watu wanaohisi baridi, akasema nao wakiwa na baridi yao."

Sasa unaelewa kwa nini sinia ilitaka kunianguka. Aliyekuwa amekaa uani siku ile, akimwaga sura nzima mbele ya vijana, alikuwa bomba. Maneno yalipita ndani yake na yeye hakuwa nayo. Pasta aliona muujiza. Mimi niliona kile ambacho mume wangu mwenyewe alisema Mungu hakukifanya. Nani ningemwambia? Wa kumwambia alikuwa ndiye huyohuyo.

Halafu watu wakaanza kuja. Ilitokana na ibada moja ya nyumbani hapa kwetu, ambapo akina mama walikuwa wakibishana wapi wachimbe silanga, bwawa la kukingia maji ya mvua. Mzee akaropoka zile habari za maji kutoka mwambani. Akina mama wakatazamana. Wakaenda kuchimba kule kwenye mwamba, mvua ikanyesha vizuri mwaka ule, silanga likajaa. Kwisha maneno. Ikasemwa kwamba kwa mzee wa mitaro Mungu anasema mwenyewe, kwa sababu mzee hana akili ya kutia chumvi. Unakwenda, unakaa, unawaza jambo lako moyoni, na mstari wa kwanza utakaomtoka ndio jibu lako.

Walikuja na Biblia zao za kila lugha, wakakaa kwenye viti vyangu, wakatumia maji yangu ya mtungi. Kuna mfanyabiashara mmoja mzee wa Kibwezi aliyepewa orodha ya fulani alimzaa fulani, ndefu kama reli, akaondoka amefurahi sana, akiamini atapata watoto tena. Mkewe alikuwa kwenye gari. Nilimhurumia mkewe. Siku hiyo nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikashika ukuta, na nilipomaliza kucheka nikagundua kwamba mtu wa kumsimulia ni yule yule aliyekuwa anasubiri nimvue viatu.

Cheko hilo liliisha siku alipoletwa msichana mmoja na mama mkwe wake. Jicho la msichana lilikuwa limefura. Alikuwa amemkimbia mume, na mama mkwe alitaka neno la kuamua kama arudi. Mzee akakohoa, akaanza, na kati ya mistari yote iliyo katika kitabu kile yakamtoka maneno ya wake na utii. Mama mkwe akapiga makofi. "Neno limesema!"

Moto ulinipanda. "Limesema nini?" nikamuuliza. "Jana huyu mzee alimhubiria mbuzi habari za gharika nzima. Mbuzi ajenge safina?"

"Mama, unapinga Neno la Mungu?"

"Nakupinga wewe! Hilo Neno lina mwanzo na mwisho, na limesema na waume pia, hapohapo chini yake, mbona hukungoja? Mimi nimelala na huyu mzee kitanda kimoja maisha yangu yote. Hajawahi kuniinulia hata kidole. Alipokuwa na akili zake hivyo ndivyo alivyolielewa hilo Neno. Hiyo ndiyo tafsiri, ichukue uende nayo."

Nikamwingiza msichana jikoni, nikamfungia mlango, nikampigia simu baba yake aje amchukue. Mama mkwe alikaa nje akinitukana kwa nyimbo za kanisa. Mzee alimwitikia, masikini, kwa sababu nyimbo pia alikuwa bado nazo.

Nikamwendea pasta, nikamwambia nimefunga lango. Mume wangu si sanduku la kura. Pasta aliinamisha kichwa. Jumapili alisimama mbele ya watu akasema Maandiko tumepewa tuyasome yote tukiwa na akili zetu, si kuyachuma kutoka kinywa cha mgonjwa, na kwamba yeye alikuwa wa kwanza kukosea. Hapo nikampenda yule kijana.

Kitu ambacho sikukipigia hesabu ni kimya. Wale watu, pamoja na ujinga wao, walikuwa wakinisalimia. Waliingia wakisema jina langu. Waliponiuliza "umeamkaje" walingoja nijibu. Sasa lango likakaa limefungwa, na kutoka asubuhi mpaka jua linazama nikawa nasikia kuku, upepo wa kiangazi kwenye mabati, na sauti ya mume wangu ikisema na watu waliokufa zamani. Watoto walipiga simu Jumapili. Nilianza kusema peke yangu. Nilianza kugombana na redio. Upweke wa mjane naufahamu, dada zangu wawili ni wajane, wanakuja watu, wanakukalia matanga, kisha wanakuzoea. Mimi sikuwa na matanga. Nilikuwa na mume, tena anaongea.

Ndipo nikajifunza kuongea naye kwa njia iliyokuwepo. Kanisani kwetu zaburi husomwa kwa kupokezana, kiongozi mstari mmoja, watu mstari mwingine. Nikakaa karibu yake nikaanzisha mstari, nikauachia katikati. Akaumaliza. Nikaanzisha mwingine, akaumalizia, na safari hii akageuza uso kuja upande wangu. Haki ya Mungu moyo ulinidunda kama msichana. Kuanzia siku ile tulikuwa tukikaa hivyo jioni, mimi nusu, yeye nusu. Mtu akipita barabarani angesema wazee wale wana mazungumzo.

Nilikuwa mwizi pia. Katikati ya zaburi nilichomeka maneno yangu. Nilipofika pale mtunzi anapomlilia Mungu amemsahau mpaka lini, niliongeza polepole, "na mke wako, umemsahau mpaka lini?" Alikuwa akiyaruka. Aliyasikia, najua aliyasikia kwa sababu alisita kidogo, kisha akaendelea na mstari unaofuata kama mtu anayekwepa jiwe njiani. Nilijaribu hivyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukubali. Nikaacha. Nilimwambia Mungu, sawa, kaa nacho kitabu chako, kaa na mzee wako, umenishinda.

Katika kiangazi hiki kilichopita alikuja mama mmoja kutoka Kyuso. Alikuwa hajasikia kwamba nimefunga lango. Alisimama langoni na vumbi mpaka magotini, ametoka kule kaskazini kabisa, akabadilisha magari Mwingi, Kitui, tena na tena. Mjane, umri wangu. Watoto walitaka auze mbuzi aende kuishi nao Nairobi, naye hakujua aende au abaki, basi akaja kutafuta neno. Nilimweleza hakuna neno hapa, kuna mgonjwa. Akasema, "Haya, basi nipumzike tu." Mtu aliyetoka Kyuso utamfukuzaje? Nikamleta uani kwenye kivuli cha nyumba, nikampa maji ya kunawa.

Muthokoi nilioupika asubuhi ulikuwa sufuriani, mahindi yaliyokobolewa na ndengu. Nikampakulia mgeni sahani iliyojaa. Sehemu nyingine nikaiponda laini, nikakaa mbele ya mzee kumlisha kijiko kwa kijiko. Mama yule alikula kwa heshima na njaa. Mzee alimeza, nikampangusa kidevu, akaanza ile zaburi ambayo hata watoto wa nasari wanaijua, ya mchungaji na majani mabichi. Mama wa Kyuso aliposikia akaacha kula. Akavuta Biblia kwenye mkoba haraka, akafungua magotini, akafuata kwa kidole.

Mzee akaenda vizuri. Akapita majani, akapita maji, akapita bonde. Akafika pale panapotajwa meza iliyoandaliwa. Nilikuwa nimeinua kijiko, nikingoja apumue.

Hakuendelea. Akakitazama kijiko. Akakifuata kwa macho mpaka kwenye vidole vyangu, kwenye mkono, akapanda taratibu mpaka usoni, akabaki hapo. Kisha akamgeukia mgeni, akasema kwa Kikamba, na si kwa sauti ya kusomea watu. Ilikuwa ile sauti yake ya nyumbani, ya kukwaruza.

"Huyu mama hajala."

Nikakirudisha kijiko bakulini.

"Tangu asubuhi," akasema. "Ananipa mimi, anakupa wewe. Yeye hajala. Mpeni chakula."

Mama wa Kyuso alikuwa ameinama, kidole kinapanda na kushuka kwenye ukurasa. "Samahani, ni mstari gani huo?" akaniuliza. "Kwangu hauko."

"Hauko," nikasema. Ndipo nilipolia, mimi nisiyelia. "Hauko, dada. Huo ni wake mwenyewe."

Alifunga Biblia. Hakusema neno limetoka wala halikutoka, naye alikuwa amelifuata kutoka Kyuso. Aliinuka akaingia jikoni kwangu kama mtu wa nyumbani, nikasikia kifuniko cha sufuria, akarudi na sahani akaniwekea mapajani, akakichukua kijiko cha mzee na bakuli lake kutoka mkononi mwangu. "Kula," akasema.

Nilikula. Ulikuwa umepoa na ulikuwa na chumvi ya machozi, na nilikula mpaka nikaikwangua sahani, kwa sababu mume wangu alikuwa ananitazama na hakugeuza macho hata mgeni alipompa kijiko. Sijui waandishi wale wa zamani walihisi nini pumzi ilipowapitia. Najua tu kwamba mtu huyu hakuwa na chochote kilichobaki chake, na kutoka hapo pasipo kitu kuna aliyemfanya anione. Yeyote atakayeniuliza kwa nini naamini, nitaanzia hapo, na mitaro nitaieleza baadaye.

Nilipoweka sahani chini aliinama kidogo kuja upande wangu, kwa ile adabu yake.

"Mwaitu," akaniuliza, "una mume?"

"Ninaye," nikamwambia.

"Anakutunza?"

"Sana."

Akatikisa kichwa, ameridhika. "Ukifika nyumbani, umsalimie."

Nikamwambia nitamsalimia.